Kwenzi wa Bani Malik na Wajibu wa Kuitikia Salamu

Maina anatembea kama mwenye nyumba aliyekuja kukagua mabomba. Kifua mbele, hatua pana, kichwa kinakwenda huku na huku kutafuta kosa. Mwili wake ni wa kahawia, kichwa cheusi, mdomo na miguu ya njano, na karibu na jicho ana ngozi tupu ya njano inayomfanya afanane na mtu ambaye hakulala vizuri na hataki kuulizwa kwa nini. Akiruka ndipo unapoyaona mabaka meupe mabawani. Ni wa ukoo wa kwenzi, asili yake Asia, lakini Riyadh wamejaa na Jeddah wamejaa, na hakuna anayewauliza ikama, kibali cha kukaa.

Sauti hana moja. Ana soko zima. Anakwaruza, anabofya, anapiga mluzi, anabwata, anaguna kama mzee aliyekalia kiti kibovu, halafu anainamisha kichwa na kujivimbisha manyoya kana kwamba amemaliza hotuba. Na anaiga. Hilo la kuiga lishikilie, maana ndilo lililotaka kuninyima kazi.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia, nikakaa nyumbani kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nikiwaambia watu, mpaka nikapata kazi ya majaribio Riyadh. Ni ofisi ndogo inayochunguza ndege kabla watu hawajajenga bustani au barabara. Bosi wetu ni mama mmoja wa makamo, mkavu wa maneno, tunayemwita madam. Madam anaweza kusikiliza kelele za shomoro kwa dakika kadhaa, akavua vidude vya masikioni, akakwambia, "Wa tatu kutoka kushoto ni mgonjwa." Sijui kama ni kweli. Sikuthubutu kumuuliza.

Mimi nilikuwa nafikiria kila kitu mara mbili, na baada ya hapo nilifikiria kwa nini nimefikiria mara mbili. Nikiandika barua pepe ya mstari mmoja, naisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Kwa hiyo hata leo sielewi ilikuwaje, baada ya kurudi kutoka likizo fupi kwetu Jeddah, nikaandika bila kusita kwenye ripoti yangu ya wiki kwamba nimemwona kwenzi wa milimani juu ya paa, mtaa wa Bani Malik.

Kwenzi wa milimani si maina. Ni mweusi mzima, weusi wa kung'aa wenye zambarau ndani yake kama hariri inapogeuzwa kwenye mwanga. Akitua unaweza kumdharau, ukasema ni ndege mweusi tu. Lakini akifungua mabawa, ncha zake zinawaka rangi ya chungwa iliyoiva, kama mtu aliyevaa koti la kiheshima lenye bitana ya harusi. Jike kichwa chake ni cha kijivu, kimepoa kidogo. Na sauti! Ni miluzi mirefu, mitamu, inapanda na kushuka, tena ina ujeuri ndani yake, kama ya kijana aliyejiegemeza ukutani. Wanakaa kwenye majabali, kule juu Taif na kusini yake. Bani Malik hakuna majabali. Kuna matangi ya maji, sahani za setilaiti na kamba za nguo.

Madam aliisoma ripoti yangu mbele ya wenzangu.

"Bani Malik?"

"Ndiyo, madam."

"Juu ya paa?"

"La bibi yangu, madam. Yaani si lake, ni la mwenye nyumba, lakini bibi ndiye mpangaji wa zamani kuliko wote."

"Picha?"

Nikampa simu. Akaivuta picha, akaikuza, akaikuza tena. "Huyu ni nzi," akasema.

"Ni mbali kidogo, madam."

"Anaweza kuwa kunguru. Anaweza kuwa doa la kioo. Na mluzi uliousikia unaweza kuwa wa maina anayeiga." Akanirudishia simu. "Leta sauti. Hakuna sauti, hakuna ndege, mafi. Majaribio yako yanaisha Jumapili, na mimi siwezi kumlipa mtu anayeona ndege ambao hawapo."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa.

Nikarudi chumbani kwangu, mtaa wa Manfuha, ninakokaa na dereva mmoja Mkenya, nikamweleza yote. Alikuwa anapiga pasi shati lake la kazini.

"Wacha nielewe," akasema. "Unaenda Jeddah, masaa yote hayo kwa basi, kurekodi ndege moja?"

"Ndiyo."

"Na kama hiyo ndege imeshaenda zake?"

"Ndiyo maana silali."

"Buda, wewe hulali hata kama ndege iko." Akanifungia chapati mbili kwenye karatasi. "Enda. Lakini ukifutwa kazi, usiniamshe na miluzi."

Njiani niliyawaza mengi, hasa hili: kama maina wa Bani Malik kweli ameiga mluzi wa kwenzi wa milimani, basi aliusikia wapi? Lazima kwenzi wa milimani awe amepita. Kwa hiyo hata nikikosea, nimepatia. Halafu nikawaza kwamba hoja nzuri namna hii ndiyo anayoitoa mtu anayekaribia kufukuzwa.

Bibi yangu alikuja Jeddah na wazazi wake akiwa msichana, wakati familia nyingi zilipoondoka Unguja, na hajawahi kukubali kwamba Unguja haikuja naye. Katika nyumba ile yenye Wayemeni, Wasomali na Waswahili, yeye ndiye mahakama ya adabu. Nilipomweleza kwamba kesho asubuhi nitapanda juu kimya kimya, kabla ya kila mtu, nikamnase ndege sauti, aliweka kikombe chini.

"Kimya kimya?"

"Ndiyo, bibi. Akisikia kishindo anakimbia."

"Juu ya paa ambako wanawake wanaanika nguo zao?"

"Bibi, alfajiri hakuna mtu."

"Wajuaje hakuna mtu kama hukupiga hodi?"

Tangu nilipoota ndevu zangu chache nimefundishwa kwamba mwanamume hapandi paani bila kutangaza. Wayemeni wa ghorofa ya tatu wanapaza sauti "ya satir", sisi tunapiga hodi, wote maana yetu moja: aliye na kitu cha kusitiri akisitiri. Nikajiambia mara moja tu haitadhuru kitu. Nikajiwazia mlango wa paa unafunguka na pale pana mama wa watu kichwa wazi, na mimi nina darubini shingoni. Darubini! Ningehama nchi.

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, nilisimama kwenye ngazi ya mwisho na kinasa sauti mkononi. Juu ya tangi kwa nje nilimsikia: mluzi mrefu ukapanda, ukazunguka, ukashuka. Nikakohoa. Nikasema, kwa sauti ya wastani, "Hodi."

Kimya. Ndege naye kimya.

"Hodi." Nikasikia mabawa.

"Hodi!"

Hakuna aliyeitika, na hapo nikaingia matatizo mengine. Kwani adabu inasemaje? Ukipiga hodi mara tatu usipoitikiwa, unarudi ulikotoka. Nilisimama pale nikijadiliana na nafsi yangu kama paa linahesabika kuwa nyumba ya mtu. Nilipoamua kwamba halihesabiki na kutoka nje, tangi lilikuwa tupu. Maina wawili walikuwa kwenye kamba, wakanitazama, mmoja akaguna.

Bibi alinikuta jikoni nimejiinamia.

"Umemnasa?"

"Nimeinasa hodi yangu."

Alicheka mpaka akajifuta macho na pembe ya leso. Lakini alipoona sicheki, akakaa. Nikamweleza la Jumapili. Nilikuwa nimemficha. Nilimwambia kwamba bila sauti sina kazi, na bila kazi narudi kukaa nyumbani, na kwamba safari hii watu watajua.

"Ndo useme tangu jana," akasema. "Kesho mie napanda kwanza. Nikiwa juu, nani atasema hukupiga hodi? Mie ndo karibu yako."

"Na mtu akija kutusalimia?"

Hilo lilimfikirisha. Kutoa salamu ni hiari, kuitikia ni wajibu. Hata mimi ninayeogopa kila kitu naliogopa hilo zaidi. Nyumba yetu watu wanasalimiana kama wanavyopumua.

"Naruhusiwa kuitikia kwa mkono?" nikauliza. "Aliye kwenye sala haitikii kwa maneno."

"Wewe utakuwa kwenye sala? Utakuwa kwenye ndege." Akafikiri tena, akapiga meza. "Tutakuwa wawili. Kundi likisalimiwa, akiitika mmoja anatosha, wengine wameondokewa na dhima. Basi nitaitika mie, taratibu, kule pembeni. Wewe funga mdomo ushughulike na kwenzi wako."

Nilimkumbatia. Ilikuwa mipango safi kuliko yote niliyowahi kuona, na nililala nikitafuta kasoro yake bila kuipata.

Jumamosi bibi alipanda na mkeka, kanzu ya kusalia na chupa ya chai. Nikamfuata bila hodi, miguu mitupu. Akakaa upande wa jua, mimi nikajibanza nyuma ya sahani ya setilaiti, kinasa sauti juu ya tofali kikielekea kwenye tangi. Maina walikuja kwanza, wakatukagua, wakabwata, wakaenda. Jua likachomoza. Likapanda kiasi cha mkuki. Nilianza kuwaza kwamba labda ndege nimemwota, kwamba labda hata Riyadh nimeiota.

Halafu akaja. Alitua juu ya tangi kwa wepisi, mweusi, akakunja mabawa haraka kama mtu anayeficha bitana. Nikabonyeza kitufe. Akapiga mluzi. Ulipita juu ya paa kama uzi wa fedha, na mimi nikasahau kuogopa kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

Nikasikia ndala kwenye ngazi.

Alikuwa shangazi wa ghorofa ya chini. Si shangazi yangu wa damu, ni shangazi wa nyumba nzima. Alikuwa amesikia bibi amepanda paani asubuhi na mapema, na kwa kuwa bibi hapandi paani asubuhi na mapema, akaja kuangalia kama ni mzima. Naye, mtu wa adabu, alipiga hodi tangu ghorofa ya nne.

Nikamgeukia bibi aitikie, kama tulivyopatana.

Bibi alikuwa anasali.

Alichoka kungoja, jua limepanda, mkeka upo, udhu anao. Akaona afadhali apate rakaa mbili za dhuha kuliko kukaa bure. Alikuwa amesimama wima, mikono kifuani, macho kwenye mahali pa kusujudia. Naapa nilimwona amekaza mdomo.

"Asalaam alaykum," akasema shangazi mlangoni.

Ndege alikuwa bado anapiga mluzi. Kundi letu sasa lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Nilimtazama ndege, nikamtazama shangazi, nikaiona Jumapili nzima ikija juu yangu kama lori. Kisha nikasikia mdomo wangu wenyewe.

"Wa alaykum salaam, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba, baba! Wewe umekuja lini? Mbona umejificha huko nyuma? Hujambo?"

"Sijambo."

"Riyadh hawajambo?"

"Hawajambo."

"Umekonda! Hawakulishi? Na mie nyumbani watoto wote mafua, usiku kucha wanakohoa, nawachemshia tangawizi. Bibi yako mzima?"

"Mzima, shangazi. Anasali."

"Alhamdulillahi. Na wewe unafanya nini?"

"Nasikiliza ndege."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Basi kheri," akasema, kwa sauti ile wanayoitumia kwa wagonjwa. "Nani anapiga miluzi asubuhi yote hii? Watoto wa siku hizi!" Na alipougeukia mluzi, ndege akafungua mabawa, chungwa likawaka juani, akaondoka.

Bibi akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akanitazama. Baadaye, kwenye ngazi, alisema tu, "Nilikuwa nimeshaingia kwenye sala, baba. Ungetaka niikate kwa ajili ya kwenzi?"

Kwenye basi la kurudi Riyadh nilikaa na kompyuta mapajani nikimkata shangazi. Nilimtoa salamu, nikamtoa mafua, nikamtoa tangawizi. Kilichobaki kilikuwa mluzi mmoja na nusu. Ulisikika kama mlango.

Mwenzangu wa chumba alisikiliza kwa heshima, vidude masikioni, mikono kwenye magoti.

"Hii ndege imekatika kama simu ya kafili, yule mwajiri wangu, akiulizwa likizo," akasema. "Yenye haijakatwa iko?"

"Ipo, lakini imejaa shangazi."

"Hiyo ndiyo peleka."

"Ofisi nzima watanicheka."

"Si watakucheka ukiwa na kazi?"

Jumapili niliingia na zote mbili, nikampa madam ile fupi. Akaisikiliza. Akaisikiliza tena.

"Hii imekatwa."

"Kidogo, madam. Kulikuwa na... watu."

"Siamini sauti iliyokatwa. Iko wapi nzima?"

Akaichomeka kwenye spika kubwa, ile inayosikika mpaka kwa walinzi. Ukaja mluzi. Zikaja ndala. Ikaja "asalaam alaykum", na wawili katika wenzangu, kwa mazoea, wakaitika. Kisha nikajisikia mimi mwenyewe, kwa sauti nyembamba nisiyoifahamu, nikisema "Sijambo" na "Hawajambo", kwa Kiswahili ambacho hakuna mwingine pale aliyekijua. Nilianza kuhesabu vigae vya sakafu.

Madam aliinua kidole. Akarudisha nyuma. Shangazi akasema tena kwamba nimekonda. Madam akarudisha nyuma, akapunguza besi, akasogeza sikio karibu na spika.

"Hapa," akasema. "Nyuma ya huyu mama. Mnasikia?"

Hatukusikia. Akarudisha. Safari hii nilisikia: wakati shangazi anaeleza habari za mafua, mluzi wa tangini unapanda na kusimama, na kutoka mbali, labda paa la jirani, mluzi mwingine unaujibu, kwa chini kidogo. Kisha wa kwanza tena. Kisha wa pili. Na chini ya yote maina wanabwata kwa hasira, kama wapangaji wa zamani waliowaona wapangaji wapya. Mwisho miluzi yote miwili inaondoka pamoja, inapiga huku inaruka, inafifia upande mmoja.

Mimi sehemu hiyo nilikuwa nimeitupa, kwa kuwa ilikuwa na tangawizi.

"Maina mmoja anaweza kuiga," madam akasema. "Lakini hawa wanaulizana na kujibizana, na wanaondoka pamoja, na maina wenyewe wanawatukana. Ni wa milimani." Akanigeukia. "Ni wawili."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilisema, "Kwa hiyo ripoti yangu ilikuwa na makosa, madam. Niliandika mmoja."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona anakaribia kucheka. "Rekebisha," akasema. "Na kesho uje saa moja, tunaenda kusini ya mji. Huyu mama alikuwa anasema nini muda wote huo?"

Nikamtafsiria.

"Watoto wamepona?"

Sikujua. Ikabidi nimpigie bibi. Nikampa habari yote kwa mpigo: kazi ipo, ndege ni wawili, ofisi nzima imesikiliza, madam anauliza hali ya watoto wa chini. Bibi akamshukuru Mungu kwa kirefu. Akasema watoto wamepona, wameshaanza kuvunja vitu. Kisha akaja kwenye lake.

"Na mie nasikika?"

"Bibi, wewe ulikuwa unasali."

"Hata kukohoa?"

"Hata kukohoa."

"Yaani paa nimekaa mie miaka yote, mkeka wangu, chai yangu, mjukuu wangu, na anayesikika Riyadh ni huyo wa chini na mafua yake?"

"Aliingia ghafla, bibi."

"Ala! Mwambie madam wako angoje."

Tangu siku hiyo, kila baada ya alfajiri, simu yangu inapokea ujumbe mrefu wa sauti kutoka juu ya paa la Bani Malik. Bibi anaanza kwa kujitambulisha jina lake, la baba yake na mtaa wa Unguja alikozaliwa, kisha anatoa salamu kwa ofisi yote, kisha anangoja. Nimezisikiliza zote mpaka mwisho, kwa vidude masikioni, nikiogopa kwamba nikiruka sekunde moja ndipo kwenzi wa milimani watakapopita. Mpaka sasa ni maina watupu, na bibi anawaambia wanyamaze.